Ngoma Iliyouzwa Mara Kumi

Jumamosi, 2 Machi 1996

Mvua. Daftari hili waliniletea wafadhili mwaka jana, lina jalada gumu na nembo ya shirika lao. Nililificha kwenye sanduku la nguo ili Mkuu wa Chuo asije akaligeuza la mahudhurio. Leo nimelitoa kwa sababu kichwa kimejaa. Zimebaki wiki mbili tufanye mnada wa mwaka, na kadi za mwaliko mia moja na ishirini nimeziandika zote kwa mkono, maana taipureta haina utepe na karani ameacha kuja.

Watu wakisikia nipo chuo cha sanaa huniambia, "Mama Abeli, hebu tuimbie kidogo." Mwaka wa tisa huu sijaimba. Niliajiriwa kufundisha kwaya, wakanigeuza Mratibu wa Changizo na Wafadhili, yaani mwombaji mwenye ofisi. Naomba kwa Kiswahili, naomba kwa Kiingereza, na mwezi wa tano naomba kwa tabasamu, wageni wanapokuja kukagua walichotoa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Ngoma zote zimelegea. Wanafunzi wanazipeleka kuota moto jikoni, mpishi anafoka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda Mikumi kugawa kadi, kutwa nzima nyuma ya lori la magunia. Njia inapita kijiji kiitwacho Ulaya, na kila mwaka utingo ananitania: "Mama, si uteremke hapa, wafadhili wako ndiyo kwao!" Nikacheka. Nimeshalicheka hilo mara nyingi kuliko idadi ya wafadhili wenyewe.

Zamani sikuhitaji kufika mbali hivi. Shamba la mkonge la jirani lilikuwa la shirika la umma, likitupa viti, magogo na hata trekta la kubeba wageni. Mwaka jana limeuzwa. Nilipokwenda na kadi mlinzi alinirudisha getini, akasema tajiri mpya hajui mambo ya ngoma. Basi nikaona nijaribu matajiri wapya wengine.

Mmoja anaitwa Bwana Shimba, Msukuma. Alikuja huku na ng'ombe, akauza baadhi, akajenga nyumba ya wageni pembezoni mwa barabara kuu ya Zambia. Mtu mnene, kofia pana, sauti ya kuitia mifugo. Nilimpa kadi nikijua hatakuja. Akaisoma mara mbili, akauliza, "Mimi? Meza ya mbele?" Nikamwambia ndiyo, wewe. Akaifuta kadi kwa kiganja akaiweka mfuko wa shati.

Nikikumbuka, nilisahau kumweleza jinsi mnada wetu unavyokwenda. Nilikuwa naliwahi lori.

Jumatano, 13 Machi

Nimehesabu viti. Havitoshi. Nimeazima kanisani.

Jumapili, 17 Machi

Mnada ulikuwa jana. Nimelala na viatu.

Mnada wetu tuliuiga kanisani, ule wa mavuno. Mtu analeta kuku, kuku anapigiwa bei, aliyemnunua analipa, anasimama na kusema, "Nimemnunua, na ninamrudisha." Vigelegele. Kuku anauzwa tena. Mwaka juzi kuku wa Mama Anitha aliuzwa mara sita, akafia mikononi mwa mzee wa kanisa. Hakuna anayetangaza kanuni hii. Ukizaliwa huku kwenye vilima unaijua kama unavyojua kuvua kofia mlangoni.

Kwetu chuoni picha na vinyago watu huondoka navyo. Kinachorudi ni ngoma kubwa. Mzee Timotheo, fundi wetu na mwalimu wa ngoma, aliichonga mwaka 1987 kwa gogo moja la mninga. Inanifika kifuani, na ubavuni ameichora nyayo za watu wanaopanda mlima. Kila mwaka tunaiuza ya mwisho, kila mwaka mnunuzi anairudisha, nasi tunaifunika shuka stoo hadi wageni waje. Miaka tisa, wanunuzi tisa. Picha yake ipo hata kwenye kalenda ya wafadhili.

Jana bei ilipofika elfu arobaini watu wakaanza kupiga makofi ya kufunga. Bwana Shimba akasimama. "Laki moja na nusu." Ukumbi ukapiga kelele. Mkuu wetu, Bwana Kasian, ambaye ndiye hupiga mnada, nusura aangushe kipaza sauti. "Bwana Shimba, neno!"

Akavua kofia. Akasema, "Tangu nihamie huku ni mara ya kwanza kukaa meza ya mbele. Ahsanteni." Tukangoja sentensi ya pili. Hakuisema. Aliwaita vijana wake wawili, wakaibeba ngoma, wakaipakia kwenye pikapu na kuifunga kamba kama ndama. Watu walipiga vigelegele wakidhani ni mzaha. Gari lilipowaka, vigelegele vikakatika vyenyewe.

Mimi nilikuwa nikimtazama Mzee Timotheo. Alinyanyuka kwenye kiti chake, akatembea hadi getini bila fimbo, akalitazama gari mpaka likapotea kwenye kona ya Chanzuru. Nikamkimbilia nikihofia ataanguka.

"Ameichukua kweli?" akaniuliza.

"Usijali, mzee. Nitairudisha."

Akanitazama, akageuka kurudi ndani. Roho iliniuma sana.

Jumatatu, 18 Machi

Kasian kaniita ofisini. "Mama Abeli, nani alimwalika yule mchunga ng'ombe?" Nikasema ni mimi. "Basi aliyempandisha punda juu ya dari ndiye atakayemteremsha."

Laki na nusu lakini ameipokea. Leo tumenunua unga, maharage na utepe wa taipureta.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua.

Jumamosi, 30 Machi

Nimetoka Mikumi mikono mitupu.

Niliikuta ngoma barazani, karibu na jiko la mkaa. Si ndani, si juu ya jukwaa. Barazani, madereva wa malori wamekaa wanakula wali, mmoja ameweka soda yake juu ya ngozi. Nilisikia haya kana kwamba nimekuta mtoto wangu pale. Bwana Shimba akanipokea kwa furaha kubwa, akaniletea kiti, akamwita binti yake Winnie alete chai. Mama mzazi wa Bwana Shimba, kikongwe mwenye shanga za buluu, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nami nikaitikia shikamoo, tukacheka.

Nikaanza maneno ya kuzungukazunguka. Nikamweleza desturi yetu, kwamba mtu hununua halafu hurudisha, na kwamba si lazima, ila ndivyo wengine wote walivyofanya.

Akaacha kucheka. "Mama, mimi nimekulia kwenye minada ya ng'ombe. Mtu akinunua ng'ombe anaondoka naye siku hiyo hiyo. Akimrudisha, maana yake ana ugonjwa. Ngoma ina ugonjwa gani?"

"Haina."

"Au mgonjwa ni mimi?"

Nikasema hapana, bwana, hapana. Akaendelea taratibu, akiitazama chai yangu. Alifika huku mwaka themanini na nane, na kila hindi lililoliwa mashambani kule Zombo liliwekwa kwenye midomo ya ng'ombe wake, hata siku ambazo walikuwa wagonjwa zizini. Hakuna mtu aliyemwalika popote. Siku alipopata kadi yangu aliuza ng'ombe wawili, ili asije akaaibika kwenye meza ya mbele.

"Ina maana wale wengine hawakununua. Walicheza. Mimi ndiye niliyenunua, na mimi ndiye mnayemfuata."

Nimefanya kazi hii miaka tisa nikijua kuandika "tunathamini mchango wako" kwa namna kumi na nne, na leo hata moja haikunijia.

Lori lilichelewa. Saa kumi na mbili jioni chakula kilipoiva, yule bibi alijikongoja hadi kwenye ngoma akaipiga. Ngozi ilikuwa imekaza kwa joto la jiko. Sauti ilivuka barabara. Madereva wakaanza kuja wakinawa mikono njiani, na watoto wa jirani wakacheza. Ndivyo wanavyofanya kila jioni, Winnie aliniambia.

Jumapili, 31 Machi

Mzee Timotheo alinisubiri nje ya kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bado iko kule?"

"Bado. Lakini usijali."

"Ameiweka wapi?"

Sikuweza kumwambia ya soda na wali. Nikasema, "Ndani. Mahali pazuri, imefunikwa." Akaitikia kwa kichwa na kuondoka zake. Uongo mwingine kwa ajili ya amani ya mfadhiliwa. Huo ndio utaalamu wangu.

Jumapili, 7 Aprili, Pasaka

Tumekula wali. Abeli ameandika kutoka Morogoro, anataka viatu.

Jumatano, 17 Aprili

Mto umejaa, njia ya Mikumi imekatika. Tumekaa. Nimeandika barua za shukrani sabini na tatu. Ya Bwana Shimba sijaiandika.

Jumatatu, 22 Aprili

Mzee Timotheo amelala, ni kifua. Nimempelekea uji. Neno lake la kwanza, hata kabla ya kuniitikia shikamoo: "Bado iko kule?" Nikasema bado, barabara ikipitika tu nitaifuata. Akageuzia uso ukutani.

Mkewe, Mama Sesilia, akaninong'oneza mlangoni, "Kila mtu anayekuja, mzee anamuuliza ngoma." Nimerudi nyumbani nikilia. Bwana Shimba nilimhurumia mwezi uliopita, leo namchukia. Mtu mzima ana nyumba ya wageni, ana pikapu, ana dishi la televisheni linakuja, anashindwa kumwachia mzee kitu alichokichonga kwa mikono yake.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Bado iko kule. Bado.

Jumatatu, 29 Aprili

Barua ya wafadhili imefika. Watakuja tarehe 22 Mei, wawili, kuamua kama watatuongezea miaka mitatu. Wanaomba wapige picha nyingine pamoja na "ngoma ile nzuri." Kasian aliisoma kwa sauti, akaikunja, akaiweka mbele yangu.

"Tarehe 22 ngoma iwe hapa, Mama Abeli. La sivyo uwaandikie barua mwenyewe, wewe ni hodari wa barua."

Wanafunzi sitini na mmoja wanakula kwa fedha za watu wale wawili. Sikukasirika hata. Nimechoka kupita kukasirika.

Ijumaa, 10 Mei

Njia imefunguka. Kesho.

Jumamosi, 11 Mei

Ngoma imo ndani ya stoo. Nimeifunga mwenyewe.

Nilifika Mikumi saa tano. Bwana Shimba alinipokea kwa adabu, bila kicheko cha mara ya kwanza. Nilikuwa nimebeba nusu ya fedha yake kwenye kitambaa, nikamwekea mezani. Hakuigusa. Nikamweleza habari za wageni, za wanafunzi, za kazi yangu. Akasikiliza kama anayesikiliza bei ya pamba.

Ndipo nikasema nililokuwa sijapanga kulisema. "Bwana Shimba, mzee aliyeichonga anaumwa. Anaiulizia kila siku. Anaitaka ngoma yake kabla hajafa."

Akavua kofia. "Mzee anaitaka?"

"Ndiyo."

"Mama, mbona hukuanza na hilo?"

Akaondoka kwenda kuzungumza na mama yake kwa Kisukuma. Bibi akaenda kwenye ngoma, adhuhuri ile, hakuna chakula kilichoiva, akaipiga mara chache polepole, akaipangusa kwa upande wa kanga yake. Akaketi akitupa mgongo.

Bwana Shimba alikataa fedha. "Niliyoitoa nimeitoa." Akaiendesha pikapu mwenyewe hadi hapa Kilosa, saa nne za matope, hatukusema zaidi ya maneno kumi. Getini akasema, "Mwambie mzee anisamehe. Nilikuwa sijui." Akageuza gari. Hata maji hakunywa.

Kasian amefurahi mno. Anasema, "Umeona? Hatimaye ameielewa desturi."

Jumapili, 12 Mei

Naandika hili nikiwa sijala, mchana, mlango nimeufunga.

Baada ya ibada nilichukua wanafunzi wanne, tukaibeba ngoma hadi kwa Mzee Timotheo. Nikaifunika kanga ili nimshtukize. Nilikuwa na furaha, na niseme ukweli, hata niliimba njiani, mimi, na wanafunzi wakaitikia. Tukaitua chumbani karibu na kitanda chake. Nikavuta kanga.

Akaitazama muda mrefu. Akanyoosha mkono akazigusa zile nyayo alizozichora, halafu mkono ukarudi kwenye blanketi.

"Naye amerudisha," akasema.

"Ndiyo, mzee! Imerudi nyumbani."

"Naye amerudisha."

Mama Sesilia akawaashiria wanafunzi watoke. Mimi nikabaki nimesimama na kanga mkononi.

"Mwanangu," akasema, na kifua kilimkatiza mara mbili kabla ya kumaliza, "mimi ni fundi. Nimechonga viti, watu wamekalia. Nimechonga vinu, wanawake wametwanga mpaka vikatoboka. Ngoma hii mnaiuza, watu wanashangilia, asubuhi naikuta stoo chini ya shuka. Miaka tisa. Kila mwaka nasema labda huyu. Mwaka huu nikasema, kumbe yupo mtu aliyeitaka."

"Lakini ulikuwa unaniuliza kila siku, mzee. Bado iko kule, bado iko kule."

"Nilikuwa nauliza kama bado anayo."

Nikakaa chini, sakafuni. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia haikuwa ndani wala haikufunikwa, kwamba nilidanganya. Kwamba ilikuwa barazani, madereva wanaweka soda juu yake, watoto wanaicheza.

"Alikuwa anaipiga?"

"Mama yake. Kila jioni, chakula kikiiva. Watu wanaisikia ng'ambo ya barabara, wanakuja kula."

Akafumba macho. "Kila jioni," akasema. Akatabasamu kidogo, na nilitamani asingetabasamu.

Nimewahi kukosea mambo mengi katika kazi hii. Nilishawahi kumwandikia marehemu barua ya shukrani. Ila hili ndilo litakalonifuata. Miezi miwili nilimpigania mtu ambaye sikumuuliza hata siku moja anataka nini.

Jumatatu, 13 Mei

Wanafunzi wameirudisha ngoma stoo. Nimeandika kwa Bwana Shimba. Nimemweleza yote, nimeomba aje aichukue baada ya wageni, ni yake. Nimempa kondakta wa basi barua.

Jumamosi, 18 Mei

Majibu, kwa kondakta yule yule, nyuma ya risiti ya nyumba ya wageni:

"Mama Abeli, salaam. Sina kinyongo na wewe. Lakini kitu nilichokwisha mrudishia mzee mgonjwa siwezi kukichukua tena, mama yangu hatakubali. Na pale barazani nimeweka televisheni. Mpe mzee pole. Shimba."

Nimemsomea Mzee Timotheo. Nilipofika penye televisheni akasema, "Haya." Hajauliza tena.

Jumatano, 22 Mei

Mvua imekatika, jua limetoka kali, kila kitu kinatoa mvuke. Wageni wamefika saa nne. Mwanamke mrefu, Bi Ingrid, na kijana mwenye kamera. Wamekagua vitanda, jiko, vitabu. Wamekula kuku. Kasian amehutubia.

Kisha ngoma. Waliifunua shuka wenyewe, wakapiga picha mbele yake, nyuma yake, wakiwa wamechuchumaa kwenye zile nyayo. Wakaomba kuisikia. Mzee Timotheo hakuja, tulisema ni kifua. Mwanafunzi mmoja akaipiga, nayo ikatoa sauti ya gunia, kwa maana ilikuwa imelegea kwa unyevu wa stoo. Wakapiga makofi vilevile.

Tumepata miaka mitatu. Kasian amenikumbatia mbele ya watu. Wanafunzi sitini na mmoja watakula, na mimi nina kazi yangu, na nilipaswa kuhisi kitu moyoni.

Wakati wa chai Bi Ingrid alinikalia karibu, kalamu mkononi. Aliuliza kama ni kweli tunaiuza ngoma ile mnadani. Nikasema kweli. Imeuzwa mara ngapi?

"Mara kumi," nikasema.

Akacheka kwa furaha, akaandika. "Basi," akasema, "watu wanaipenda sana."

Nikamwongezea chai.